Fumba macho, kisha usikilize: historia fupi ya kupima amplifaya na spika kwa masikio

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo, ingawa mkinifuata hadi mwisho mtaona kwamba sikwenda mbali. Nataka tuzungumze kuhusu spika na amplifaya, na hasa swali moja ambalo watu wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia moja: mtu akituambia "hii inasikika vizuri kuliko ile", tumwamini?

Swali lenyewe lilinipata katika duka moja la elektroniki katikati ya jiji la Nairobi, mshahara wangu wa kwanza ukiwa mfukoni. Muuzaji alicheza wimbo mmoja kwenye wufa mbili, moja ya bei nafuu na nyingine ya bei karibu mara mbili. "Sikia hiyo besi, bosi wangu!" Nikasikia kweli, kifua kikatetemeka, nikalipa ile ghali. Nilipofika nyumbani na kuifungua kwa kiasi ambacho jirani angevumilia, ule utamu wote ulikuwa umebaki dukani. Ilinichukua muda mrefu kung'amua kilichotokea: ile ghali ilikuwa imefunguliwa juu kidogo kuliko mwenzake. Kumbe nilichonunua ni volumu tu.

Nikaanza kusoma historia ya jambo hili, nikidhani mjinga ni mimi peke yangu. Kumbe foleni ni ndefu, na ndani yake wamo mainjinia, wahariri wa magazeti, na kumbi nzima za watu waliovalia suti.

Mwimbaji na mashine gizani

Tuanze na Thomas Edison. Alivumbua fonografu mwaka 1877, lakini kufikia miaka ya 1910 alikuwa na washindani wengi. Akahitaji njia ya kuwashawishi watu kwamba mashine yake mpya, Diamond Disc, ndiyo iliyokaribia zaidi sauti ya binadamu. Kuanzia 1915 kampuni yake ikaandaa maonyesho katika miji mingi ya Marekani. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Mashine ikaimba, naye akaimba nayo, kisha akanyamaza huku santuri ikiendelea. Wakati mwingine taa zilizimwa, na zilipowashwa tena watu wakagundua kwamba mwimbaji ameshaondoka na kwamba walikuwa wakisikiliza mashine. Magazeti yakaandika kwamba tofauti haikusikika.

Kumbuka kwamba mashine hiyo haikuwa na amplifaya yoyote. Sindano ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa hewa ndani ya pembe, basi. Besi ilikuwa haba na zile sauti nyembamba za juu kabisa hazikuwemo. Ukiisikia leo utaitambua kabla ya neno la pili. Sasa watu wazima waliwezaje kudanganyika?

Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza miaka mingi baadaye. Angeimba kwa nguvu zake zote angeifunika mashine, kwa hiyo alipunguza sauti na kuipa rangi ileile ya santuri. Yaani badala ya mashine kufanana na mtu, mtu ndiye aliyefanana na mashine! Sisi watu wa programu tunaujua mchezo huu. Ni sawa na kurekebisha jaribio hadi lipite, huku programu yenyewe ikibaki na hitilafu zake.

Umeme unaingia

Kabla ya kuendelea, tuone vyombo vyenyewe vilitoka wapi. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kipande cha tatu ndani ya vali ya umeme, na hicho ndicho kilichoiwezesha kukuza mawimbi dhaifu. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walichapisha maelezo ya spika ya koili: waya uliozungushwa, umewekwa katikati ya sumaku, ukisukuma koni ya karatasi. Fungua spika ya redio yako leo na utakuta wazo hilohilo.

Tatizo la vali ni kwamba zilipotosha sauti. Dawa ilipatikana tarehe 2 Agosti 1927, ndani ya feri. Harold Black, injinia wa maabara za Bell, alikuwa akivuka mto Hudson kwenda kazini alipopata wazo: chukua sehemu ndogo ya kile kinachotoka kwenye amplifaya, kigeuze, kirudishe mwanzoni, na makosa yatajifuta yenyewe kwa kiasi kikubwa. Aliuchora mchoro juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times alilokuwa nalo mkononi. Miaka ishirini baadaye, 1947, D. T. N. Williamson wa Uingereza alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 iliyotumia njia hiyo. Upotoshaji wake ulikuwa karibu asilimia 0.1.

Hapo ndipo ubishi wa kisasa unapoanzia. Ikiwa kosa lililobaki ni sehemu moja katika elfu, ni sikio gani litakalolisikia?

Kutoka chumba hadi chumba

Mwaka 1949 maonyesho yaliyoitwa Audio Fair yalifanyika New York, katika hoteli ya New Yorker. Mtindo wake umedumu hadi leo: kila kampuni inakodi chumba, inapanga spika na amplifaya zake, na wageni wanatembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine wakisikiliza. London nayo ikapata maonyesho yake mwaka 1956. Yale makubwa ya Ujerumani yaitwayo High End yalianza 1982, yakafanyika Munich kuanzia 2004 hadi 2025, kisha yakapangiwa Vienna kuanzia 2026.

Mgeni anaingia, anakaa dakika kumi, anatoka na maneno yake: hii ina joto, ile ni kavu, nyingine ni kama pazia limefunuliwa. Maneno matamu, lakini hebu tufikirie kama mainjinia. Wimbo amechagua muuzaji. Volumu ameweka muuzaji. Chumba ni cha hoteli, na chumba chenyewe ni chombo cha muziki. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 5 kitavuma chenyewe katika masafa ya karibu hezi 34, spika iwe ya nani. Sehemu kubwa ya besi uliyoisifu ni ya kuta za hoteli. Ukisogeza kiti mita moja, maoni yako yatabadilika.

Hata hivyo maonyesho hayo yaliwahi kuleta ukweli mpya. Mwaka 1954, katika maonyesho ya New York, Edgar Villchur alileta spika iliyoitwa AR-1. Wakati huo ukitaka besi nzito ulihitaji kabati kubwa la kujaza pembe ya sebule. Villchur alifunga kisanduku kidogo kisipitishe hewa, akaitumia hewa iliyofungiwa ndani kuwa springi ya koni. Besi ikashuka chini kabisa kutoka kwenye kisanduku cha kuwekwa rafuni. Aliyetumia macho alikidharau, aliyetumia masikio alishangaa.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Gilbert Briggs, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Wharfedale, alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London, wenye viti karibu 3,000. Wanamuziki walicheza jukwaani, kisha spika zikacheza muziki uliorekodiwa, na wasikilizaji wakaachwa walinganishe. Mshirika wake alikuwa Peter Walker, aliyeunda amplifaya za Quad. Quad II, iliyotoka 1953, ilitoa wati 15 tu. Wewe unayetafuta wufa iliyoandikwa wati elfu kumi kwenye boksi, tafakari hapo.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Villchur ilipeleka mchezo huo mbali zaidi. Wapiga fidla wa Fine Arts Quartet walikaa jukwaani na spika za AR-3. Walicheza, kisha katikati ya wimbo wakaendelea kusogeza nyuta bila kugusa nyuzi, spika zikiendeleza muziki. Wengi ukumbini hawakujua mabadiliko yalitokea wapi. Kampuni hiyo ilikuwa pia na chumba cha kusikilizia katika kituo cha treni cha Grand Central, New York, na ndani yake hakikuuzwa kitu. Unaingia, unasikiliza, unaondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Masikio yaliposhinda mita

Msidhani kwamba naleta hadithi ya masikio kuwa ya uongo na vipimo kuwa vya kweli. Mambo hayako hivyo, na miaka ya 1960 ndiyo ushahidi.

Transista zilipoanza kuchukua nafasi ya vali, matangazo yalisifu vipimo vyake. Wasikilizaji wakalalamika: sauti ni kali, inachosha. Mainjinia kadhaa waliwajibu kwamba namba ziko sawa. Lakini waliokosea ni wenye namba. Amplifaya nyingi zina sehemu mbili, moja inasukuma na nyingine inavuta, zikipokezana kila wimbi linapovuka sifuri. Katika transista za mwanzo mapokezano hayo yalikuwa na pengo dogo. Ukipima kwa nguvu zote, pengo ni dogo sana ukilinganisha na wimbi zima, na namba inapendeza. Ukisikiliza kwa sauti ndogo ya usiku, wimbi linakuwa dogo na pengo linabaki lilelile, kwa hiyo sehemu iliyoharibika inakuwa kubwa. Watu walisikia kitu cha kweli ambacho kipimo hakikuelekezwa kukitazama.

Hili linanigusa kikazi. Ni mara ngapi mteja amelalamika kwamba mfumo ni mzito, nasi tukamwonyesha majaribio yote yamepita? Majaribio yalipita kwa sababu hatukuwahi kujaribu anachofanya yeye.

Kutokana na hali kama hiyo, si ajabu kwamba jarida la Stereophile, lililoanzishwa na J. Gordon Holt mwaka 1962, lilijenga jina lake kwa kuvisikiliza vyombo na kuvieleza kwa maneno. Kazi ilikuwa ya maana. Shida ilikuja maneno yalipoanza kukua haraka kuliko tofauti zenyewe, na bei nazo zikafuata maneno.

Jaribio la gizani, safari hii la haki

Tiba ilikuwa kurudisha giza la Edison, lakini bila hila. Mwaka 1978 Wireless World lilichapisha ripoti ya James Moir kuhusu jaribio lililoandaliwa na Quad. Walilinganisha amplifaya zao tatu: ile ya vali ya 1953 na mbili za transista za miaka ya baadaye. Wasikilizaji hawakujua ipi inacheza. Hawakuweza kuzitenganisha kwa kiwango kinachozidi kubahatisha.

Njia yenyewe ina mantiki nzuri. Unapewa A na B, unazijua. Kisha unapewa X, ambayo ni mojawapo, imechaguliwa kwa bahati nasibu. Useme ni ipi. Unarudia mara kadhaa. Mwaka 1982 David Clark aliieleza katika jarida la jumuiya ya mainjinia wa sauti ya Marekani, na ABX ikawa jina la kawaida. Sharti kubwa ni kwamba volumu ya A na B ilingane hadi takriban sehemu ya kumi ya desibeli, kwa sababu kilicho juu kidogo hakisikiki kama kina volumu zaidi. Kinasikika kama kizuri zaidi. Nililijua hilo kwa hasara.

Mwaka 1985 Bob Carver aliwaambia wahariri wa Stereophile: chagueni amplifaya yoyote, nami nitaifanya yangu ya bei ya kawaida isikike kama hiyo. Walichagua moja ya vali, ya bei ya juu. Carver alikaa chumba cha hoteli akifanya kile ambacho mtu wa programu angekiita amri ya diff. Aliziunganisha amplifaya mbili ili moja itolewe kutoka kwa nyingine, akasikiliza kinachobaki, na kurekebisha saketi yake hadi mabaki yakawa kama hayapo. Baada ya kusikiliza, wahariri walikubali kwamba walishindwa kuzitofautisha. Kwa hiyo ule uliokuwa ukiitwa uchawi wa vali ulikuwa tabia ya saketi inayopimika na kunakilika.

Mwaka 1987 jarida la Stereo Review lilikusanya amplifaya za bei tofauti, kutoka chini ya dola 300 hadi dola 12,000, na wasikilizaji 25, baadhi wakiamini kabisa kwamba tofauti zipo na baadhi wakikataa. Kwa jumla majibu yalikaribia yale ya kurusha sarafu. Waamini hawakuwashinda wasioamini.

Na spika je?

Hapa hadithi inageuka, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Floyd Toole, mtafiti wa baraza la taifa la utafiti la Kanada mjini Ottawa, alitumia njia hizohizo kwa spika katika miaka ya 1980. Alikuta kwamba spika zinatofautiana sana na watu wanazisikia tofauti hizo bila shida. Tena, wakiwa hawaoni, watu wa kila aina hukubaliana kwa kiasi kikubwa: wanapenda spika ambayo haipendelei masafa fulani, na ambayo sauti yake ya pembeni inafanana na ya mbele.

Baadaye akiwa kampuni ya Harman, mwaka 1994, Toole na Sean Olive waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika nne. Kwanza hawakuziona, kisha waliziona. Walipoziona, zile kubwa za kupendeza zilipanda alama na ile ndogo ya plastiki ikashuka. La kushangaza zaidi, walipokuwa wakiona hawakujali sana hata spika zilipohamishiwa mahali pengine chumbani, jambo ambalo gizani walilisikia vizuri. Wahenga walisema kusikia si kuona. Hapa kuona kulizuia kusikia.

Watu hao hawakuwa waongo wala wajinga. Wengi wao ndio waliofanya kazi na vyombo hivyo kila siku. Ubongo haupokei sauti peke yake. Unachanganya sauti, bei, mng'aro wa mbao na jina lililoandikwa mbele, kisha unakuletea jibu moja, nawe unaliita sauti.

Nilivyojijaribu

Sikutaka kuishia kusoma. Nilichukua wimbo wa benga ninaoujua kwa moyo, nikatengeneza nakala ya MP3 ya kilobiti 192, na kuilinganisha na wimbo asili kwa programu ya foobar2000, ambayo ina kiongezo cha ABX. Kabla ya kuanza ningeapa kwamba matoazi ya MP3 yana mchanga. Nilijibu mara 16. Nilipata 9.

Kwa wasiopenda hesabu: anayebahatisha tu atapata 10 au zaidi kati ya 16 karibu mara 23 katika kila mia. Ili tuanze kukuamini unahitaji angalau 12, ambayo kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 4 katika mia. Mimi na 9 yangu nilikaa kimya. Mchanga niliousikia kwa miaka mitatu ulikuwa kwenye jina la faili.

Wapo wanaopinga majaribio haya, na hoja yao moja ina uzito: kushindwa kusikia tofauti leo si uthibitisho kwamba tofauti haipo. Pengine nilichoka, pengine wimbo haukufaa. Ni kweli. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai, hasa akiwa ndiye anayepokea pesa.

Basi ukienda kwenye maonyesho au dukani, nenda na nyimbo zako mwenyewe unazozijua. Omba volumu ishushwe hadi ile ya nyumbani kwako, na zote mbili zilingane. Mwambie rafiki abadilishe huku umegeuka nyuma. Usitishwe na wati: kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko unalolisikia lakini dogo. Amplifaya yenye nguvu ya kutosha na isiyo na hitilafu itakufaa. Pesa nyingi peleka kwenye spika, na kabla ya kuongeza nyingine, jaribu kuzisogeza mbali na kona ya chumba. Hiyo ni bure.

Ile wufa ninayo bado. Niliitoa kwenye kona, nikaiweka katikati ya ukuta, nikaipunguza. Sasa inasikika vizuri, au ndivyo ninavyodhani nikiwa nimeitazama. Haya, kwa leo ni hayo. Tuonane.